Vifaru Katika Shamba la Karanga: Mkabala na Kinaya Katika Picha za Kongwa

Tumezoea kukitafuta kinaya katika maneno. Mwalimu wa fasihi huwafundisha wanafunzi wake kwamba kinaya huzaliwa pale neno linapokwenda upande mmoja na maana ikaenda upande wa pili, kama mtu anyeshewaye na mvua akalisifu jua. Lakini picha haina ulimi. Haiwezi kunena ndiyo ikakusudia siyo. Kamera hupokea nuru ya kilichosimama mbele yake, kiwe kizuri au kibaya, wala haina jicho la kukonyeza. Yatupasa basi kuuliza, kinaya huingia katika picha kwa mlango gani?

Dai la insha hii ni kwamba huingia kwa mlango wa ujirani. Kitu kimoja kikiwa peke yake ndani ya picha ni kitu tu. Kikiwekewa jirani asiyefanana nacho, viwili hivyo huanza kusemezana, na mtazamaji huwa msikilizaji wa mazungumzo yao. Kuviweka vitu namna hiyo twaweza kukuita mkabala. Mkabala ni wa aina tatu: kitu na kitu ndani ya picha moja; picha na maneno yaliyoandikwa chini yake; na picha na wakati uliokuja baada yake. Aina ya kwanza ni kazi ya mpigaji picha, ya pili ni kazi ya mhariri, na ya tatu haina mwenyewe. Nataka kuzionyesha zote tatu kwa mfano mmoja wa nchi yetu, nao ni picha za mpango wa karanga wa Kongwa.

Kongwa iko mashariki ya mji wa Dodoma, katika uwanda wa juu wa kati, nchi ya mibuyu, miiba na mvua chache zisizo na ahadi. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa katika shida ya mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Mwaka huo huo ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulikagua nchi na kupendekeza mashamba ya eka 3,210,000, sehemu kubwa yakiwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25 hivi. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, aliupokea mpango huo kwa matumaini makubwa, na mapema mwaka 1947 watangulizi waliwasili Kongwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Vichaka vilikuwa na mizizi iliyovunja majembe ya chuma. Udongo ulikuwa laini wakati wa masika, na kiangazi ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zilizokomaa zikawa haba kung'oleka. Katika mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulimwa eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mpango, na hasara ilikuwa imepita pauni milioni 30. Karanga zilizopatikana zilikuwa chache mno kwa fedha hizo, na watu walifanya mzaha kwamba mbegu zilizonunuliwa zilizidi mavuno.

Mpango huo ulipigwa picha kwa bidii, kwani serikali ilitaka walipa kodi wa kwao waone fedha zao zikifanya kazi. Tuitazame aina moja ya picha hizo. Mtambo mkubwa wa chuma, wenye minyororo badala ya magurudumu, umesimama mbele ya mbuyu. Mtambo huo ni ndugu wa kifaru cha vita. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita, na kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman ikavigeuza kuwa matrekta, navyo vikapewa jina la Shervick. Mpigaji picha alijua alichofanya alipouweka mtambo karibu na mti. Alitaka macho yapime nguvu za viwili hivyo: huku ujuzi mpya, huku nchi kongwe isiyofugika. Alitaka pia mtazamaji wa Ulaya akumbuke ahadi ya nabii Isaya juu ya silaha kugeuzwa zana za kulimia. Huo ndio mkabala wa kwanza, na katika nia yake haukuwa na kinaya hata chembe. Ulikuwa wimbo wa sifa.

Lakini msemaji wa Kiswahili akiitazama picha hiyo husikia jambo ambalo mpigaji picha hakulisikia. Sisi chombo hicho cha vita twakiita kifaru, jina la mnyama wa porini mwenye nguvu nyingi na macho hafifu, ashambuliaye kabla hajaona vema. Hata jina la mahali lina uzito wake masikioni mwetu. Sisemi kwamba mji wa Kongwa ulipata jina lake kutokana na neno la Kiswahili. Lakini katika Kiswahili kongwa ni mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka wa misafara ya utumwa, na njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita Mpwapwa, si mbali na hapo. Picha moja, basi, yaweza kuwa na majirani wengi kwa kadiri ya lugha za watazamaji wake.

Mkabala wa pili ni wa picha na maneno. Picha ya tingatinga mbili zikikokota mnyororo mzito na kulaza vichaka haisemi kama kazi hiyo ni ushindi au ni upotevu. Maneno ya chini ndiyo yanayosema. Mwaka 1947 mhariri angeweza kuandika chini yake kwamba nyika inageuzwa kuwa ghala ya chakula. Baada ya 1951 mhariri mwingine angeweza kuichukua picha ile ile, asibadili kivuli wala mstari, akaandika chini yake jumla ya hasara. Mitambo ni ile ile, na vumbi ni lile lile. Lakini sifa imekuwa dhihaka. Mwanafunzi wa historia aiweke akilini habari hii kila akutapo picha katika kitabu: asome maneno ya chini kama asomavyo ushahidi wa mtu mwenye shauri lake, akikumbuka kwamba picha ilikuwako kabla ya maneno hayo.

Mkabala wa tatu ni wa picha na wakati, nao kwa maoni yangu ndio mkali kuliko yote. Baada ya mpango kuvunjika, sehemu ya ardhi ya Kongwa iligeuzwa kuwa malisho, na ranchi ya ng'ombe iko huko hata leo. Wagogo, ambao tangu zamani ni wafugaji na wakulima kwa pamoja, wangaliweza kutoa shauri la ng'ombe bila malipo. Kisha, kuanzia mwaka 1964, Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru. Watu wa FRELIMO ya Msumbiji, wa ANC ya Afrika Kusini, wa SWAPO ya Namibia na wa MPLA ya Angola walikaa hapo wakajifunza vita vya kuuondoa utawala wa wageni katika nchi zao. Weka picha ya 1947 mkono wa kushoto na habari ya 1964 mkono wa kulia. Mahali palipopokea vifaru vilivyogeuzwa kuwa zana za kilimo, baada ya miaka kumi na saba palipokea wakulima na vibarua waliojigeuza kuwa askari. Hakuna mpigaji picha aliyeupanga mkabala huo, wala hakuna mhariri awezaye kuufuta.

Hapo ingekuwa rahisi kuikomesha insha, tukacheka na kwenda zetu. Lakini kuna jambo linalonisumbua katika kicheko hicho. Picha za Kongwa tumezitumia kuwacheka wakubwa wa London, nao wamestahili. Katika kuwacheka, hata hivyo, twaendelea kutazama walikotazama wao, yaani kwenye mtambo. Watu weusi waliomo katika picha hizo husimama pembeni, wengine wakiwa nusu ndani na nusu nje. Katika wimbo wa sifa walikuwa kipimo cha ukubwa wa chuma. Katika dhihaka wamebaki kuwa kipimo hicho hicho. Hatuelezwi kwamba watu hao walikuwa na shauri juu ya ujira wao, ingawa mgomo uliozuka bandarini Dar es Salaam mwaka 1947 ulienea katika miji ya njia ya reli. Hatuelezwi kwamba wenyeji waliujua ukame wa nchi yao si kwa vipimo vya mvua bali kwa makaburi. Njaa waliyoiita Mtunya, iliyozuka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, iliua maelfu ya watu wa Ugogo, na mwaka 1947 wengi waliookoka walikuwa wangali hai, na wangeweza kuulizwa.

Kwa sababu hii napenda kuziwekea picha za Kongwa jirani mwingine, ambaye si picha bali ni kitabu. Mwaka 1954, miaka mitatu tu baada ya mpango kufa, Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa karibu na Dodoma, alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, akakiandika kwa Kiswahili. Mtu aliyesimama pembeni ya picha amepata sauti, na sauti hiyo haizungumzi juu ya karanga za Waingereza, bali juu ya koo, mvua, ng'ombe na watemi. Ukikiweka kitabu hicho kando ya picha, kinaya kinabadili mahali pake. Awali tulicheka kwa kuwa mtambo mkubwa ulishindwa na mzizi mdogo. Sasa twaona jambo zito zaidi: ujuzi uliotafutwa kwa meli na mamilioni ulikuwa umekaa chini ya mbuyu ule ule, nje kidogo ya ukingo wa picha.

Mkabala waweza pia kudanganya, na hapa mfano mashuhuri unatoka mbali. Mwaka 1937 Margaret Bourke-White alipiga picha katika mji wa Louisville, Marekani. Wamarekani weusi wamepanga foleni, na juu yao pana tangazo kubwa la familia ya wazungu ndani ya motokaa, linalosifu kwamba maisha ya Marekani ni bora kuliko ya nchi zote duniani. Ni mkabala wa aina ya kwanza, mkali kama wembe, na ni wa haki. Lakini watu wale walikuwa wamefikwa na mafuriko ya mto Ohio ya Januari mwaka ule, wakingoja msaada. Baadaye picha ilitengwa na mafuriko yake, ikatumiwa na wengi kuwa picha ya ukosefu wa kazi wa miaka ile. Kinaya kilikuwa kizuri mno hata sababu yake ikasahauliwa. Naam, tangazo lilisema uongo, na picha ililifichua. Lakini sisi watazamaji tuliwanyima watu wa foleni habari yao wenyewe.

Hatari hiyo haiko Louisville tu. Mwanafunzi mmoja aliniletea picha aliyoipiga Dodoma, baada ya treni za umeme za reli mpya kuanza safari mwaka 2024. Treni inang'aa nyuma. Mbele, kando ya uzio, mzee wa Kigogo amejifunga shuka, fimbo begani. Darasa lilicheka, na mimi nilikiri kwamba mpangilio wa picha ulikuwa hodari. Kisha nikamwuliza mpigaji: mzee huyo ni nani, na alikuwa akienda wapi? Hakujua. Alikuwa amemchukua mzee kama watu wa Kongwa walivyochukuliwa, awe kipimo cha chuma. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka. Wiki ya pili alirudi akanieleza kwamba alikwenda tena kumtafuta yule mzee, asimwone. Picha alikuwa nayo bado, lakini hakutaka tena kuionyesha.

Sikumwambia aifute. Nilimshauri aiweke, na nyuma yake aandike anachokijua na asichokijua, kwani picha isiyokiri upungufu wake ndiyo inayotumiwa vibaya na vizazi vijavyo. Mpigaji picha apangapo vitu viwili ana uwezo juu ya vyote viwili, na kinaya chema humwelekea aliye na nguvu ya kujibu. Kinaya kinachomwelekea asiyeulizwa jina lake ni dharau iliyovaa nguo za usomi. Na mtazamaji naye asijione hana kazi. Aulize nani aliwakutanisha majirani hawa, kwa shauri gani, na nani amesimama nje ya ukingo. Huko Kongwa, nje ya ukingo, walikuwako watu walioijua mvua.