Samaki na Chipsi: Mlo Uliolisha Viwanda vya Uingereza

Mwaka 1854, Alexis Soyer, mpishi Mfaransa aliyejijengea jina London, alitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Humo alieleza namna ya kukaanga samaki kwa mtindo wa Kiyahudi. Samaki ambaye leo anahesabiwa kuwa Mwingereza halisi, enzi hizo Waingereza wenyewe walijua ametoka kwa wageni.

Wageni hao walikuwa Wayahudi ambao mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, kisha wakaandamwa Ureno. Dini yao inakataza kupika siku ya Sabato, kwa hiyo samaki alipakwa unga na kukaangwa Ijumaa, akaliwa kesho yake akiwa baridi. London, wachuuzi walimtembeza mitaani kwenye sinia, akaliwa pamoja na mkate.

Ni nani aliyemkutanisha samaki huyo na chipsi? Watu wa London humtaja Joseph Malin, aliyefungua duka mashariki mwa jiji yapata mwaka 1860. Watu wa kaskazini hushikilia kuwa ni John Lees wa Mossley, mwaka 1863. Ubishi huo haujaisha, lakini naona umewapa watu wawili sifa inayostahili umati mzima. Meli za uvuvi zenye injini za mvuke zilileta samaki tele kwenye bandari za Hull na Grimsby. Reli na barafu zikamfikisha mbichi kwenye miji ya bara. Huko Lancashire wanawake walishinda kwenye mashine za pamba. Jioni mama aliporudi amechoka, hajawasha moto, watoto wana njaa, alimtuma mmoja wao dukani na senti chache. Mtoto alirudi na chakula cha moto chenye kushibisha, kimenyunyiziwa chumvi na siki, kimefungwa kwenye gazeti kuukuu. Matajiri walilalamikia harufu ya maduka hayo. Hawakuwa wao wenye kurudi viwandani alfajiri.

Serikali ilikuja kuutambua uzito wa mlo huu. Katika Vita Kuu ya Pili nyama, siagi, sukari na hata chai vilitolewa kwa mgawo, lakini samaki na chipsi viliachwa huru. Foleni zilikuwa ndefu na samaki wakati mwingine aliadimika, ila hakuna aliyedaiwa kuponi. Tayari mwaka 1937 mwandishi George Orwell alikuwa ameandika kwamba huenda chakula hiki kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoiepusha nchi na mapinduzi.

Pigo lilitoka baharini. Baada ya miaka ya kugombania uvuvi na Iceland, mwaka 1976 Uingereza ilikubali mpaka wa maili 200 wa nchi hiyo. Meli za Hull na Grimsby zikakosa kazi, na familia za wavuvi zikapoteza riziki ya vizazi. Maduka ya samaki na chipsi yaliendelea, ila sehemu kubwa ya samaki wanaokaangwa humo sasa hununuliwa kutoka Norway, na kutoka Iceland yenyewe.