Jasi ya Monegros na Kisa cha Msitu Uliokatwa

Mashariki ya mji wa Zaragoza, katika bonde la mto Ebro huko Hispania, zimetandaa nyanda kame za malisho ziitwazo Monegros. Kwa mwaka mzima mvua yake haizidi sana milimita 350. Kiangazi chake ni kikali, lakini majira ya baridi yana ukali wa namna nyingine: ukungu hulala bondeni siku kadhaa mfululizo, umande huganda kuwa barafu, na upepo wa kaskazini-magharibi uitwao cierzo hukausha kila kilichobaki na unyevu. Vilima vyake ni vyeupe na vichaka vyake havifiki kiunoni. Kwa vizazi vingi kumekuwa na kisa kinachoeleza weupe huo: kwamba hapo zamani palikuwa na msitu mkubwa wa mireteni, ukafyekwa wote ili kuunda meli ambazo Mfalme Felipe wa Pili alizituma kuipiga Uingereza mwaka 1588. Kisa hiki kimerudiwa hadi kikawa kama historia. Naona kimepotosha, na upotofu wake haukuishia kwenye masimulizi, kwa sababu kimewafanya watu waitazame ardhi hii kama jeraha la kutibiwa, wasiulize kwanza ni ardhi ya aina gani.

Ni ardhi ya jasi, madini yale yale yanayochimbwa Makanya, wilayani Same, Tanzania, kwa ajili ya viwanda vya saruji, na ambayo mafundi wa mijini huyageuza kuwa dari. Miaka milioni ishirini hivi iliyopita bonde la Ebro lilikuwa limefungwa, halina njia ya kwenda baharini. Maji ya milimani yalikusanyika katika maziwa ya katikati, yakakauka kwa jua, yakaacha jasi tabaka juu ya tabaka. Udongo uliozaliwa humo una tabia ambazo mkulima hazitamani. Uso wake hushikana na kuwa ukoko mgumu ambao mche mchanga hushindwa kuutoboa. Kalsiamu na salfa vimezidi, ilhali naitrojeni na fosforasi ni haba. Chini yake jasi iliyoshikamana huizuia mizizi kushuka. Zaidi ya yote, jasi huyeyuka: lita moja ya maji hubeba gramu mbili na zaidi, kiasi ambacho jiwe la chokaa halikikaribii hata kidogo. Tabia hii ya mwisho ndiyo iliyokuja kuamua mengi katika historia ya mahali hapa.

Ushahidi mzito dhidi ya kisa cha msitu umo katika mimea yenyewe. Francisco Loscos, mfamasia wa kijiji cha Castelserás, pamoja na mwenzake José Pardo, walitumia miaka mingi kuorodhesha mimea ya Aragón, eneo ambamo Monegros imo, na orodha yao ilichapishwa Dresden mwaka 1863 kwa msaada wa mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Moritz Willkomm. Willkomm naye alikuwa amekwisha toa, mwaka 1852, kitabu kizima kuhusu mimea ya pwani na nyika za rasi ya Iberia. Tangu wakati huo imezidi kudhihirika kwamba vilima vya jasi vina mimea isiyopatikana penginepo. Gypsophila hispanica na Helianthemum squamatum huota kwenye jasi, na hatua chache nje ya jasi huioni tena. Kichaka Krascheninnikovia ceratoides, ambacho makao yake makuu ni nyika baridi za Asia ya Kati, kimo pia katika bonde hili, maelfu ya kilomita kutoka kwa jamaa zake. Spishi haziumbiki kwa karne nne. Mmea uliozoea jasi kiasi hicho ulihitaji muda mrefu mno wa kuishi juani, pasipo kivuli cha miti. Mwaka 2014 watafiti wa Hispania walichapisha jambo la kustaajabisha zaidi: katika kiangazi, mimea yenye mizizi mifupi kama Helianthemum squamatum hupata asilimia 70 hadi 90 ya maji yake kutoka ndani ya fuwele za jasi zenyewe. Sehemu ya tano ya uzito wa jasi ni maji yaliyofungwa kwenye fuwele, na mimea hiyo huishi kwa maji hayo wakati udongo unaonekana mkavu kabisa. Mimi sijui hoja yenye nguvu kuliko hii ya kwamba hapa hapakuwa pameharibika. Palikuwa pana wenyewe.

Wapo waliopinga kwa elimu, wala hoja yao si ya kupuuzwa. Emilio Huguet del Villar, mtaalamu wa udongo na mimea, aliandika mwaka 1925 kukanusha kwamba katikati ya Hispania kuna nyika ya asili. Kwake ile ilikuwa misitu iliyodhoofishwa na shoka, moto na mifugo. Na kweli mireteni ipo hadi leo huko Monegros: mapori yaliyosalia, kama lile la Retuerta de Pina, yanaonyesha kwamba miti ilikuwa mingi zaidi, na kwamba wachoma mkaa na walimaji waliipunguza. Nakubali hayo yote. Ila tutazame miti hiyo inapenda kusimama wapi. Hustawi zaidi juu ya vilele vya mawe ya chokaa na katika mabonde yenye udongo wa kina uliosombwa na maji, si kwenye miteremko ya jasi tupu, ambako hata ikiota hubaki michache na midogo. Monegros ilikuwa na viraka: mti hapa, kichaka pale, na mpaka kati yao ukafuata mwamba. Aliyekata miti alipanua nyika ambayo tayari ilikuwapo.

Kisa cha msitu kingebaki ngano tu kama kisingeandamana na mipango. Ikiwa ardhi imeharibiwa na mtu, mtu anaweza kuirudisha, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa maji. Joaquín Costa, mzaliwa wa Monzón aliyefariki mwaka 1911, aliipigania mifereji kwa sauti iliyosikika Hispania nzima, kwa uchungu wa kweli kwa ajili ya wakulima waliokufa njaa. Mfereji wa Aragón na Cataluña ulifunguliwa mwaka 1906. Sheria ya umwagiliaji wa Aragón ya Juu ikapitishwa mwaka 1915. Jasi ikajibu. Maji yaliyopenya kingo za mifereji yaliiyeyusha ardhi chini yake, na salfeti iliyo ndani ya maji hayo ikala saruji ya kawaida hadi ikapasuka. Kijiji cha Puilatos, kilichojengwa na serikali miaka ya 1950 kwa ajili ya walowezi wa mashamba mapya katika bonde la mto Gállego, kilianza kudidimia na nyumba zake kupasuka, kikaachwa miaka ya 1970. Kuta zilikuwa mpya. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikiondoka. Mtu atasema kwamba umwagiliaji umefanikiwa, kwani leo mahindi na majani ya mifugo hustawi katika maelfu ya hekta za Monegros. Ni kweli, na familia nyingi zinaishi kwa mashamba hayo. Lakini yalistawi hasa pale ambapo jasi ni kidogo au iko mbali chini. Wahandisi wangeanza na ramani ya udongo badala ya ramani ya mteremko wa maji, wangejiepusha na hasara kubwa.

Waliojifunza kuishi na jasi mapema zaidi walikuwa wachungaji na mafundi. Mafundi waliichoma na kuisaga, wakapata lipu iliyonakshiwa katika kasri la Aljafería huko Zaragoza, karne ya 11. Chama cha wafugaji cha Zaragoza, Casa de Ganaderos, kilipata hati yake kutoka kwa Mfalme Jaime wa Kwanza mwaka 1218, zaidi ya karne tatu na nusu kabla ya zile meli, na bado kipo. Kwamba malisho ya kondoo yalikuwa na thamani ya kulindwa na mfalme wakati huo kunatosha kutia shaka juu ya msitu uliofunika kila kitu. Wachungaji walichimba madimbwi ya kukusanya mvua na kujenga mazizi ya mawe, na mifugo yao ilizunguka kufuata majira.

Hata hivyo nisiwafanye wachungaji kuwa malaika, maana kwato zina uzito. Ukiinama juu ya mteremko wa jasi usiokanyagwa, utaona ardhi imefunikwa na likeni, viumbe vya kuvu na mwani vilivyoungana: Diploschistes diacapsis yenye rangi ya majivu, nene kama ngozi, na kando yake Psora decipiens, magamba ya rangi ya matofali yenye kingo nyeupe. Utando huo hushikilia udongo usipeperushwe na cierzo, na huchukua miaka mingi kurudi ukivunjwa. Kundi likipita wakati umekauka, unavunjika. Kondoo wachache wanaohamahama huacha nafasi ya utando kupona. Kondoo wengi waliofungiwa mahali pamoja hawaachi. Trekta halibakishi kitu kabisa, na katika karne ya 20 lilifika kwenye miteremko ambayo nyumbu na jembe lake havikuwahi kujaribu.

Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya iliziweka nyika za jasi za Iberia katika orodha ya makazi ya viumbe yanayopaswa kulindwa kwa kipaumbele. Sasa Aragón imejaa miradi ya umeme wa upepo na jua, na nyanda kame ndizo zinazotafutwa, kwa kuwa zinahesabiwa kuwa hazina kitu. Umeme huo unahitajika, na sina ugomvi nao. Nagombea mahali tu: paneli zinaweza kukaa juu ya mashamba ya shayiri yaliyokwisha limwa na juu ya mapaa ya maghala ya Zaragoza, ilhali mteremko wa jasi ukisawazishwa kwa tingatinga, ule utando na mimea inayokunywa kutoka kwenye mawe huondoka siku hiyo hiyo.