OpenMRS: Programu huria iliyoanzia Eldoret na namna ya kuichangia

Mwezi Februari mwaka 2006, kliniki za mjini Eldoret, magharibi mwa Kenya, zilianza kutumia programu mpya ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Programu hiyo, OpenMRS, leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na kwingineko. Haiuzwi, wala haimilikiwi na kampuni. Hujengwa na wachangiaji waliotawanyika duniani, baadhi yao wakilipwa na taasisi zao na wengine wakijitolea. Makala haya yanaeleza chimbuko lake, nafasi yake katika utafiti wa afya, na njia anazoweza kuzifuata mtu aliyeko Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu ili naye aongeze mchango wake.

Chimbuko lake ni nini?

Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianza kushirikiana mwaka 1989. Mwaka 2001, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiteketeza familia katika eneo lote la Bonde la Ufa, ushirikiano huo ulizaa mpango wa matibabu unaojulikana kama AMPATH. Wakati huo huo mfumo mdogo wa kompyuta ulikuwa umeanza kutumika katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret.

Mfumo ule ulikitosha kituo kimoja, lakini haukuweza kubeba maelfu ya wagonjwa waliomiminika baada ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kupatikana. Mwaka 2004, madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya mjini Indianapolis walifika Eldoret na kuhitimisha kwamba kuutia viraka mfumo wa zamani hakungefaa. Waliungana na shirika la Partners In Health, lililokuwa na uzoefu wake nchini Peru na Haiti, na baadaye Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini likajiunga. Miezi sita baada ya Eldoret, Agosti 2006, programu hiyo iliwekwa Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda.

Kwa nini watafiti wanaitegemea?

Kiini cha OpenMRS ni kile wajenzi wake wanachokiita kamusi ya dhana. Uzito wa mgonjwa, idadi ya chembe za CD4, jina la dawa, jibu la swali la daktari: kila kimoja ni dhana yenye maana iliyobainishwa mara moja na kutumika katika fomu zote. Kituo kikitaka kuongeza swali jipya hakilazimiki kuubomoa mfumo. Huongeza dhana kwenye kamusi, kazi ikaendelea.

Faida yake huonekana pale kumbukumbu za maelfu ya watu zinapokusanywa pamoja. AMPATH ni mshiriki mkuu wa mtandao wa utafiti wa IeDEA tawi la Afrika Mashariki, unaounganisha taarifa za matibabu ya virusi vya UKIMWI kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Watafiti huuliza, kwa mfano, ni wagonjwa gani huacha kufika kliniki, na baada ya muda gani. Majibu hutokana na kumbukumbu za kila siku zilizojazwa na wauguzi na makarani. Hitilafu ndogo katika programu, kama vile tarehe kusomwa kinyume au kipimo kuhifadhiwa kwa kizio kisicho chake, inaweza kuvipotosha vitabu vya kliniki nyingi kwa wakati mmoja bila mtu yeyote kuona kwa macho.

Leseni inaruhusu nini?

OpenMRS hutolewa kwa leseni ya umma ya Mozilla, toleo la 2.0, pamoja na tamko la ziada kuhusu matumizi ya kitabibu. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuirekebisha. Akisambaza mafaili yake aliyoyabadilisha, hana budi kuyaacha wazi vilevile. Kwa msingi huo Kenya ina KenyaEMR na Uganda ina UgandaEMR, na zote mbili zimejengwa juu ya OpenMRS.

Nani anaweza kuchangia?

Wengi hudhani kazi hii ni ya wanaojua kuandika msimbo pekee. Sivyo. Karani wa kumbukumbu anayegundua kwamba fomu hupoteza tarehe ya miadi ana jambo ambalo mwandishi wa programu aliye mbali hawezi kuliona. Taarifa nzuri ya hitilafu hutaja mambo manne: toleo la programu, hatua zilizofuatwa, matokeo yaliyotarajiwa, na kilichotokea. Kuna mwiko mmoja usiovunjwa: jina, namba au picha ya faili la mgonjwa halisi haviwekwi kamwe katika taarifa hiyo, kwa kuwa husomwa na watu wote. Hutumiwa mgonjwa wa kubuni.

Kuna pia kazi ya tafsiri, nayo si nyepesi kama inavyodhaniwa. OpenMRS hutofautisha kufika kwa mgonjwa kituoni, tangu anapoingia hadi anapoondoka, na kila huduma anayopewa ndani ya muda huo: kupimwa uzito, kuonana na daktari, kuchukua dawa. Mfasiri akiyaita yote mawili "hudhurio", karani anayeandaa ripoti ya mwezi anaweza kumhesabu mgonjwa mmoja mara tatu. Anayekijua Kiswahili na pia kuujua utaratibu wa zahanati anahitajika hapa kuliko kamusi yoyote.

Kwa upande wa msimbo, sehemu ya msingi imeandikwa kwa lugha ya Java, na sehemu anayoiona mtumiaji katika matoleo mapya hutegemea zaidi JavaScript na TypeScript. Mgeni hushauriwa kuchagua kazi ndogo kati ya zile zilizotengwa kwa wanaoanza, kunakili hazina ya msimbo, kufanya badiliko moja, kuandika jaribio la kulithibitisha, kisha kuomba liunganishwe. Wazoefu hulikagua hadharani na mara nyingi hulirudisha lifanyiwe marekebisho. Kurudishiwa kazi si kukataliwa, bali ndiyo njia ya kuhakikisha kosa la mtu mmoja halifiki kitandani kwa mgonjwa.

Vikwazo ni vipi?

Mazungumzo ya mradi huendeshwa kwa Kiingereza. Umeme na gharama ya intaneti huwazuia wengi. Zaidi ya hayo, kujitolea bila malipo ni anasa kwa kijana anayetafuta riziki. Mpango wa Google wa kuwalipa vijana wanaochangia programu huria wakati wa likizo umewafungulia wengine mlango, lakini nafasi zake ni chache.

Swali la fedha lilijitokeza upya Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, ikiwemo iliyokuwa ikigharimia huduma za UKIMWI. Uhuria una faida hapa: mfadhili akiondoka, msimbo haufungwi wala leseni haiishi. Hata hivyo msimbo haujitunzi. Bila watu wa kuziba mianya ya usalama na kurekebisha hitilafu, kumbukumbu za mgonjwa hubaki ndani ya mfumo unaozeeka. Kwa sababu hiyo, kila mtu wa kanda hii anayejifunza kuitengeneza OpenMRS huzipunguzia kliniki za nyumbani haja ya kusubiri msaada kutoka mbali.