Sungura alikaribishwa, msimuliaji akabaki nje

Tarehe 12 Novemba 1946 mji wa Atlanta, katika jimbo la Georgia, Marekani, ulikuwa na shamrashamra. Walt Disney alikuwa ameleta filamu yake mpya ya familia, Song of the South, izinduliwe katika ukumbi wa Fox. Waliofika walimwona mzee mweusi mwenye ndevu nyeupe akiwasimulia watoto visa vya Sungura na Mbweha. James Baskett, mwigizaji wa mzee huyo, hakuwepo. Katika Atlanta ya ubaguzi asingeruhusiwa kulala hoteli moja na wenzake weupe wala kula nao meza moja. Ukumbi wenyewe ulikuwa na ngazi ya nje ya kuwapandisha watazamaji weusi hadi roshani yao ya juu.

Mji huo ulikuwa umeshayafanya hayo. Desemba 1939, filamu ya Gone with the Wind ilipozinduliwa hapo, mwigizaji wake mweusi Hattie McDaniel naye alikosa kualikwa. Miezi michache baadaye akashinda Oscar, lakini usiku wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni. Katika filamu ya Disney yumo pia, na kazi yake, kama kawaida, ni ya jikoni.

Na visa vyenyewe? Sungura ananasa kwenye sanamu la lami. Akishikwa, anamsihi Mbweha amfanye lolote ila asimtupe kwenye miiba, kumbe miibani ndiko alikozaliwa. Aliyekulia kwa hadithi za bibi hahitaji kutambulishwa. Ni Sungura wetu yuleyule. Fisi tu ndiye kavaa ngozi ya Mbweha, na ulimbo umekuwa lami. Ndugu zake walivuka bahari vinywani mwa watumwa waliotolewa Afrika Magharibi na Kati. Aliyeviandika visa hivyo ni mzungu, Joel Chandler Harris. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa kijana anayejifunza uchapaji katika shamba la Turnwold, akawa anaketi na watumwa na kuwasikiliza. Mwaka 1880 akatoa kitabu, na ili visa vipate msimuliaji akabuni mzee aliyewahi kuwa mtumwa, Mjomba Remus, asiye na kinyongo na mtu. Ndiye yule mzee wa filamu.

Hapo ndipo penye tatizo. Sungura ni hadithi ya mnyonge anayewashinda wenye meno kwa akili. Kwa mtumwa haikuwa ya kulalia. Ukiiweka kinywani mwa mzee anayefurahia maisha ya shambani, umeing'oa meno. Disney hakuwa gizani. Alimleta mwandishi Maurice Rapf apunguze ubaya wa mswada wa kwanza, wa Dalton Reymond, mzaliwa wa Kusini. Hata hivyo filamu ilitoka bila kutaja mwaka, na mtazamaji hajui kama wale wanaorudi kutoka shambani wakiimba ni watu huru au mali ya mtu. Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, aliusifu ufundi wa filamu, kisha akasema inaupamba utumwa. Mjini New York watu walisimama na mabango mlangoni mwa ukumbi wa sinema.

Kampuni iliirudisha filamu kumbini mara kadhaa, ya mwisho mwaka 1986, lakini nchini Marekani haijawahi kuiuza kwa kanda wala DVD. Mchezo wa maji uliojengwa kwa visa hivyo katika bustani ya Disneyland mwaka 1989 ulikuja kufanywa upya, na mwaka 2024 ukafunguliwa kwa jina la Tiana, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney, aliyezaliwa katika filamu ya 2009.

Baskett mwenyewe alikuwa ameomba kazi ya sauti ya kipepeo tu. Disney alipomsikia akampa nafasi kubwa, na sauti ya Mbweha juu yake. Machi 1948 Ingrid Bergman alimkabidhi Oscar ya heshima, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata Oscar. Haikuwa ya kushindaniwa. Ilikuwa ya pembeni, kama meza ya McDaniel. Tarehe 9 Julai mwaka huohuo, baada ya maradhi ya moyo na kisukari, akafariki. Yule mzee wa ndevu nyeupe alikuwa na miaka 44.