Ushahidi: Neno Letu na Vijana Waliolibeba

Jioni ya tarehe 25 Juni 2024 simu zetu hazikunyamaza. Kwetu huku Marekani jua lilikuwa halijazama; Nairobi ilikuwa usiku tayari. Mchana wa siku hiyo vijana walikuwa wameingia Bungeni, risasi zimepigwa, na intaneti ya Kenya ilikuwa inakatikakatika. Mwenzetu mmoja katika chama alipokea ujumbe uliodai kwamba mamia ya watu wameuawa Githurai. Akausambaza papo hapo katika kikundi cha ukoo wake. Mama yake mdogo, aliyeko Nakuru, ana mtoto anayeishi karibu na Githurai, na simu ya kijana huyo ilikuwa imeisha chaji. Mama alikesha akilia. Asubuhi kijana alipopatikana mzima, mama alimpigia mwenzetu na kumwambia maneno ambayo tumeyazungumza mara nyingi tangu siku ile: "Mwanangu, niliamini kwa sababu ilitoka kwako."

Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuandike makala haya. Tumezoea kusema kwamba simu na intaneti zimewapa vijana sauti. Je, ni kweli kwamba simu peke yake inatosha? Tuliporudi nyuma na kusoma jinsi uandishi wa habari wa kiraia ulivyokua Afrika Mashariki, tuliona jambo jingine. Vijana walisikika pale walipokubali kazi ya shahidi: kusema wameona nini, wapi na lini, kisha kukubali kuulizwa.

Neno lenyewe

Wanachama wenzetu wanaosoma Kiarabu wanajua kwamba shahidi, shahada, shuhudia, ushuhuda na ushahidi ni ndugu wa tumbo moja. Kwa Kiswahili, shahidi ni mtu aliyeona na anayeitwa mbele ya watu aseme alichoona. Pia ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Maana zote mbili zina gharama. Shahidi wa mahakamani huapa na kuhojiwa, na akisema uongo huadhibiwa. Mtu anayepita barabarani akisema "nimesikia" haulizwi lolote. Tofauti hiyo kati ya shahidi na msikiaji ndiyo tunayotaka msomaji aikumbuke katika historia inayofuata.

Kenya, Desemba 2007

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 matokeo yalitangazwa, Mwai Kibaki akaapishwa Ikulu jioni ile ile, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Machafuko yalienea nchini. Kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki, watu 1,133 walikufa. Mamia ya maelfu walikimbia makazi yao.

Redio iliponyamazishwa, uvumi ulishika nafasi yake. Arafa za uchochezi zilienea kiasi kwamba serikali ilifikiria kuzima huduma hiyo nchi nzima. Badala ya kuizima, kampuni ya Safaricom iliwatumia wateja wake, ambao wakati huo walikuwa kama milioni 9, ujumbe wa kuomba amani.

Ory Okolloh, mwanasheria kijana aliyehitimu Harvard, alikuwa amerudi nyumbani kutoka Afrika Kusini kupiga kura. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge, na blogu yake, Kenyan Pundit, ilikuwa na wasomaji wengi. Machafuko yalipoanza, watu walianza kumletea habari za yaliyokuwa yakitokea mitaani kwao. Zilimzidi uwezo. Tarehe 3 Januari 2008 aliandika akiuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ni wapi watu wanashambuliwa na mali inaharibiwa.

Waliojibu walikuwa vijana wa miaka 30 hivi, wengine wakiwa nje ya nchi kama sisi. Miongoni mwao walikuwamo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Kobia alikuwa akiishi Birmingham, Alabama, na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu. Katika siku chache tovuti ilikuwa tayari, na jina walilolichagua ni la Kiswahili: Ushahidi.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuelewa. Mtu alituma taarifa kwa arafa, kwa barua pepe au kwenye tovuti yenyewe. Wa kujitolea aliisoma, akaipa mahali na tarehe, akaiweka kwenye ramani. Ilipowezekana, ililinganishwa na habari kutoka kwa watu wengine au mashirika yaliyokuwa eneo lile, na iliyothibitishwa ilitofautishwa na ile ambayo bado. Uchambuzi uliofanywa Harvard baadaye ulilinganisha ramani hiyo na vyombo vikubwa vya habari na kuona kwamba Ushahidi ulikuwa umefika maeneo mengi zaidi ya nchi.

Mtu mmoja, majukwaa mawili

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo haisimuliwi sana, na kwetu ndiyo yenye funzo kubwa. Kabla ya Ushahidi, Kobia alikuwa anaendesha Mashada, mahali mtandaoni ambapo Wakenya, wengi wao wakiwa ughaibuni, walikutana kujadiliana. Wakati wa machafuko, mijadala ya Mashada iligeuka kuwa matusi ya kikabila. Walioko mbali, ambao hakuna panga lililowafikia, walikuwa wakichochea moto kwa vidole. Mwezi Januari 2008 Kobia aliifunga Mashada, na baadaye akafungua ukurasa mwingine ambapo watu walieleza kwamba wao ni Wakenya kwanza, kabla ya kabila.

Tutafakari hapo kidogo. Fundi ni yule yule, mwezi ni ule ule, na watumiaji ni Wakenya wale wale wenye kompyuta na simu zile zile. Jukwaa moja lilikuwa likiangamiza, jingine likisaidia. Tofauti ilikuwa katika swali ambalo kila jukwaa lilimuuliza mtumiaji. Mashada iliuliza, "Unasemaje?" Ushahidi uliuliza, "Umeona nini, na ulikuwa wapi?"

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tumeitumia methali hii darasani mara nyingi, na ina ukweli wake. Lakini katika siku za hatari methali hiyo humpa mtu ruhusa ya kuamini chochote. Kazi ya vijana wa 2008 ilikuwa kuipinga kwa vitendo: lisemwalo huenda lipo, hebu tulitafute.

Kibera na idadi ya watu wake

Mfano wa pili ni Kibera. Mpaka mwaka 2009, ramani nyingi ziliuacha mtaa huo kama eneo tupu, ingawa umejaa nyumba, shule, misikiti, makanisa na vioski. Mwaka huo vijana 13 wa Kibera walifundishwa kutumia vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro na kuuchora mtaa wao wenyewe katika mradi wa Map Kibera. Baadaye wakaanzisha Voice of Kibera, ramani ya habari iliyotumia programu ya Ushahidi, na Kibera News Network, ambapo vijana walipiga video za matukio ya mtaani.

Kwa miaka mingi dunia ilikuwa imeambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000. Wapo wanaobishana na idadi hiyo mpaka leo. Hata hivyo, ni wazi kwamba idadi ya awali ilirudiwa na watu wengi ambao hawakuwahi kuhesabu hata mlango mmoja. Vijana 13 wenye vifaa vya mkononi walifanya kazi ambayo wasemaji wa mbali hawakuifanya: walikwenda kuangalia.

Wanafunzi, lugha na Haiti

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliipiga Haiti. Usiku ule ule Patrick Meier, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha Tufts karibu na Boston, alianza kuweka taarifa kwenye ramani ya Ushahidi. Wanafunzi wenzake wakajiunga naye, na kazi hiyo iliendelea kwa majuma.

Hapo likatokea tatizo ambalo chama cha lugha kama chetu kinalielewa vizuri. Watu waliokuwa wanaomba msaada kwa arafa, kupitia namba 4636, waliandika kwa Kikrioli cha Haiti, lugha ambayo waokoaji wengi hawakuijua. Wahaiti walioko ughaibuni, zaidi ya 1,000, walijitolea kutafsiri. Walijua lugha, na pia walijua mitaa na namna watu wanavyotaja mahali bila anwani. Arafa iliyokuwa haisomeki ilipata maana kwa sababu mtu aliyekuwa mbali alifanya kazi kwa uangalifu.

Tumetaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba kuwa ughaibuni hakumlazimishi mtu kuwa msambazaji wa uvumi. Programu iliyozaliwa katika machungu ya Wakenya, yenye jina la Kiswahili, ilitumiwa na wanafunzi wa Marekani na Wahaiti wa ng'ambo kuwasaidia watu waliofukiwa na kifusi.

Gharama ya kutoa ushahidi

Mashahidi hawapendwi na kila mtu. Tanzania, mtandao wa Jamii Forums ulioanza mwaka 2006 uliwapa watu wengi, vijana wakiwa wengi miongoni mwao, nafasi ya kufichua mambo bila kutaja majina yao. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Miongoni mwa mashtaka ilikuwa kuzuia upelelezi wa polisi, waliotaka taarifa za watumiaji. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka hata wanablogu walipie leseni, kwa gharama ya zaidi ya shilingi milioni 2, na Jamii Forums ikafungwa kwa muda. Kwa kijana wa kawaida, ada hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa anyamaze.

Juni 2024

Sasa turudi kwenye jioni ile tuliyoanza nayo. Kabla ya tarehe 25 Juni, vijana wa Kenya, waliojulikana kama Gen Z, walikuwa wamefanya kazi kubwa ambayo haikupigiwa kelele. Waliusoma Mswada wa Fedha wenyewe, uliokuwa umependekeza mambo kama kodi ya asilimia 16 kwa mkate. Waliufafanua kwa video fupi, kwa Kiswahili, kwa lugha za mama na kwa lugha ya ishara. Walipowapigia wabunge simu, walijua wanachokizungumza. Tarehe 26 Juni, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Bei ilikuwa kubwa. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa.

Na Githurai? Risasi zilipigwa kweli usiku ule. Lakini waandishi waliofuatilia baadaye hawakupata ushahidi wa kuuawa kwa mamia ya watu kama ulivyodai ujumbe tuliousambaza. Uvumi huo uliwaumiza wazazi wengi, na pia uliwapa wakubwa nafasi ya kusema kwamba vijana wanatia chumvi. Idadi ya uongo ilitishia kuwafunika marehemu wa kweli.

Kinyume chake, tazama kilichotokea kwa picha zilizopigwa na kutunzwa. Aprili 2025, BBC Africa Eye ilitoa filamu kuhusu mauaji ya nje ya Bunge. Waandaaji walichambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na waandamanaji wenyewe, wakazilinganisha kwa saa na mahali, mpaka wakawatambua maafisa wa usalama waliofyatua risasi. Kijana aliyenyanyua simu yake siku ile huenda hakujua kwamba miezi kumi baadaye sekunde zake chache zingekuwa kipande cha ushahidi. Zilifaa kwa sababu zilionyesha alichokiona yeye, mahali alipokuwa, na hakuzigeuza.

Sisi je?

Wengi wetu katika chama hatukuwapo Nairobi, Goma au Dar es Salaam mambo yalipotokea. Hatuwezi kuwa mashahidi wa tusichokiona. Tunachoweza ni kufanya kazi ya yule wa kujitolea aliyekaa mbele ya ramani mwaka 2008, au ya Mhaiti aliyetafsiri arafa usiku: kuuliza nani aliona, kuuliza lini na wapi, kutafsiri kwa uaminifu, na kutunza.

Katika mkutano wetu wa mwisho wa muhula tulikubaliana kwamba katika kikundi chetu cha WhatsApp, anayeleta habari ya hatari ataje ameipata kwa nani, na asipojua aseme wazi kwamba hajui. Mwenzetu wa Githurai ndiye aliyelileta pendekezo hilo. Alimpigia mama yake mdogo kumweleza, na mama alimjibu kwamba ni vizuri, ila angependa pia apigiwe simu siku ambazo hakuna habari yoyote.