Galaksi tatu zaonekana kwa macho Iyunga: Jinsi wanafalaki wanavyozipanga

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MKAZI wa Iyunga, jijini Mbeya, hahitaji darubini ili aone galaksi nyingine mbali na hii lilimo Jua letu. Katika usiku usio na mbalamwezi wala mawingu, galaksi tatu za nje huonekana kwa macho matupu kutoka Nyanda za Juu Kusini: Wingu Kubwa na Wingu Dogo la Magellan upande wa kusini, na Andromeda upande wa kaskazini, juu ya safu ya Loleza.

Ni bahati ambayo wakazi wa London na Chicago hawana, kwani Mawingu ya Magellan hayachomozi kamwe katika anga lao.

Hata hivyo, bahati hiyo haijatumika ipasavyo darasani. Muhtasari wa Fizikia wa sekondari wa miaka ya 2000 uliweka elimu ya anga katika Kidato cha Nne, na mwanafunzi aliweza kuimaliza mada hiyo bila kutoka nje usiku hata mara moja. Si kwamba wananchi hawana hamu: Septemba 1, 2016 maelfu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia Jua likipatwa na kubaki mithili ya pete.

Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi na vumbi ulioshikiliwa pamoja na nguvu ya mvutano. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina nyota zisizopungua bilioni 100, na nuru huchukua miaka ipatayo 100,000 kuikatiza. Kila nyota moja moja ionekanayo kwa macho, ikiwa ni pamoja na zile za Kilimia zilizowaongoza wakulima tangu kale, imo ndani ya Njia Nyeupe.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walibishana iwapo kuna galaksi nyingine yoyote. Ufunguo ulipatikana katika lile Wingu Dogo. Mwaka 1912, Henrietta Leavitt wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akichunguza picha zilizopigwa Peru, alibainisha kwamba kuna nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa vipindi maalumu, na kadiri kipindi kinavyokuwa kirefu ndivyo nyota inavyokuwa na nguvu zaidi. Anayejua nguvu halisi ya taa aweza kukadiria iko mbali kiasi gani.

Edwin Hubble alitumia kanuni hiyo mwaka 1923 alipoiona nyota ya aina hiyo katika Andromeda. Alipata umbali wa takribani miaka 900,000 ya nuru, nje kabisa ya Njia Nyeupe. Vipimo vya sasa vinataja miaka milioni 2.5.

Mwaka 1926 Hubble alipendekeza mpango wa kuzipanga galaksi kwa umbo, na mwaka 1936 akauchora mfano wa uma wenye meno mawili. Kwenye mpini ziko galaksi za duaradufu, zenye alama E na tarakimu: E0 ni ya mviringo kama mpira, E7 ni iliyobapa mno. Kwenye meno ziko galaksi za msokoto, ambazo mikono yake imejikunja kama gamba la konokono. Jino moja, S, ni la msokoto wa kawaida. La pili, SB, ni la zile ambazo mikono huanzia kwenye pau la nyota lililopita katikati. Herufi a, b na c huonyesha mikono inavyozidi kulegea na kitovu kinavyozidi kuwa kidogo. Panapokutana mpini na meno pana S0, zenye umbo la dengu: bapa, lakini hazina mikono. Zisizoingia popote ziliitwa zisizo na umbo maalumu.

Mchoro huo umewapotosha wengi. Galaksi za kushoto ziliitwa "za mapema" na za kulia "za baadaye", majina yanayofanya ionekane kana kwamba duaradufu hukua na kuwa msokoto. Sivyo. Wanafalaki wa leo wanaona kwamba duaradufu nyingi kubwa zilitokana na galaksi kugongana na kuungana, na ndiyo maana nyota zake nyingi ni kongwe na gesi ya kuzaa nyota mpya ni kidogo.

Njia Nyeupe yenyewe ilichukua muda mrefu kupangwa, maana ni vigumu kuchora ramani ya nyumba ukiwa umefungiwa chumbani. Uchunguzi wa darubini ya anga ya Spitzer, uliotangazwa mwaka 2005, ulithibitisha kwamba ina pau. Vitabu vinavyoionyesha bila pau vimepitwa na wakati.

Wingu Kubwa nalo lilihamishwa. Mwaka 1959 Gérard de Vaucouleurs, Mfaransa, aliupanua mpango wa Hubble na kuongeza herufi m, ya Magellan, kwa kuwa aliona pau na dalili za mkono mmoja katika wingu hilo lililohesabiwa kuwa halina umbo.

Kazi hiyo si ya wataalamu pekee. Mradi wa Galaxy Zoo, ulioanzishwa mwaka 2007, uliwapa watu wa kawaida picha za karibu galaksi milioni moja wazipange kupitia intaneti, kwani jicho la binadamu lilikuwa likiishinda kompyuta katika kutambua umbo.

Kwa anayetaka kuziona zote tatu kwa pamoja, wakati mwafaka ni katikati ya Septemba, saa kumi alfajiri, kabla ya mvua za Novemba kuleta mawingu. Asimame mbali na taa za barabara kuu ya Tunduma na ayape macho nusu saa kuzoea giza. Wingu Kubwa litaonekana kama kipande cha ukungu kilichomeguka kutoka Njia Nyeupe. Andromeda ni doa hafifu, na huonekana vizuri zaidi mtu akitazama pembeni yake kidogo.