Uzamili wa Sayansi ya Utambuzi

Uzamili wa sayansi ya utambuzi ni masomo ya chuo kikuu yanayofuata shahada ya kwanza na kumwandaa mwanafunzi kuchunguza akili, yaani namna viumbe na mashine vinavyopokea, kuhifadhi na kutumia taarifa katika kuona, kukumbuka, kusema na kuamua. Taaluma hiyo, inayounganisha saikolojia, isimu, falsafa, anthropolojia, sayansi ya neva na sayansi ya kompyuta, ilichipuka Marekani katika miaka ya 1950, hasa kupitia kongamano la mwaka 1956 katika chuo cha MIT, ambako mwanasaikolojia George Miller na mwanaisimu Noam Chomsky waliwasilisha mada.

Barani Ulaya masomo haya kwa kawaida huchukua miaka miwili yenye krediti 120, kama ilivyo katika MEi:CogSci, programu ya pamoja ya vyuo vikuu vikiwemo vya Vienna, Bratislava na Ljubljana, ambayo humtaka mwanafunzi asome muhula mmoja katika chuo mshirika. Kwa kuwa wanafunzi hutoka fani tofauti, hatua ya awali husawazisha misingi yao ya takwimu, uandishi wa programu na mbinu za majaribio, na masomo huhitimishwa kwa tasnifu. Wahitimu huendelea na uzamivu, au huajiriwa katika fani kama akili unde na teknolojia ya lugha.